Chupa ya marere haitoi zambarau? Matatizo ya rangi za likeni na uyoga, sababu zake na namna ya kuyatatua

Tokea watu waone nyuzi zangu za zambarau nilizotia rangi ya marere, yale ya kijivu yanayoning'inia mitini, simu haitulii. Huyu wa Wete chupa aliyoyaloweka marere kwa amonia imekaa wiki tatu maji ya chai tu, yule wa Jambiani kapata pinki safi jioni asubuhi imeshakuwa buluu, mwengine kachemsha uyoga mwekundu wa kwenye gogo akapata maji ya matope. Nikayakusanya maswali nikaona ni yaleyale yanajirudia, kwa hiyo naandika yote pahala pamoja, kila tatizo na sababu zake, nnaanza na ile inayowapata wengi nnamalizia na ya nadra, na vipimo vya bure vinakuja kabla ya kununua kitu chochote.

Ila kuna jambo moja lazima likae kichwani kwanza maana nusu ya matatizo yanatoka hapo. Zambarau haimo ndani ya marere. Ukiyachuma ni vitu vya kijivu, vikavu, kama vipande vya ngozi nyembamba vinavyoning'inia, ukivisugua mkononi hupati rangi yoyote. Ndani yake kuna asidi zisizo na rangi, kubwa ni lekanoriki na eritrini, hizo amonia, ile dawa ya kusafishia yenye harufu kali, inazivunja zinakuwa orsinoli, halafu orsinoli ikikutana na amonia pamoja na hewa ndio inazaliwa oseini ambayo ni zambarau. Kwa hiyo unahitaji amonia, hewa na siku, moto haumo kabisa katika hatua hii. Uyoga ni kinyume, rangi yake imo tayari ndani ya mwili wa uyoga, kazi yako ni kuitoa kwa maji moto. Mtu anayechukua njia ya uyoga akaitumia kwa marere, au ya marere akaitumia kwa uyoga, hapati kitu na analaumu mti.

Na kwa wasiojua, marere (wengine husema malele) ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja, na hili jamii la Roccella lilikuwa biashara hapa petu. Karne ya 19 yalichumwa kwenye miti ya pwani hii yakafungwa magunia yakapitia bandari ya Unguja kwenda Ulaya kutia rangi hariri na sufu. Mwaka 1856 kijana wa London William Perkin akatengeneza zambarau ya kwanza ya kiwandani, rangi za viwandani zikaenea, na soko la marere likafa kidogo kidogo mpaka leo ukimuuliza kijana marere nini anakutolea macho. Mie linaniuma hilo, ndio sababu siachi kuandika.

Chupa imekaa wiki mbili au zaidi, maji bado rangi ya chai

Hili ndilo linaloongoza. Kabla hujamwaga, fungua kifuniko ujibu maswali haya.

Ulikuwa unaifungua chupa? Wengi wanafunga kwa nguvu kwa sababu ya harufu halafu wanaiacha kabatini. Bila hewa oseini haizaliwi, basi. Chupa yangu ya kwanza niliifunga siku 20 nzima, nilipofungua maji yalikuwa kama chai ya rangi iliyopoa, nikakata tamaa nikayamimina kwenye bakuli jeupe nikitaka kwenda kuyamwaga nje, mara nikaitwa nikayaacha barazani. Narudi alasiri naona ukingoni mwa bakuli, pale maji yanapogusana na hewa, kumetokea mstari mwembamba wa zambarau kama mtu kauchora kwa kalamu, na katikati bado chai. Tokea siku ile sijawahi kujaza chupa hadi juu. Jaza nusu tu, nusu iwe hewa, fungua mara tatu nne kwa siku wiki ya kwanza, funga, tikisa vizuri, fungua tena. Baada ya wiki ya kwanza mara moja kwa siku inatosha.

Amonia bado ipo? Peperushia hewa ya mdomo wa chupa kwa mkono uje puani kidogo, usitie pua juu ya chupa. Kama haikupigi puani imeshapeperuka, na kwa joto letu inapeperuka haraka hasa Januari na Februari. Ongeza. Mie nnatumia sehemu moja ya amonia ya kusafishia na sehemu mbili za maji, na marere yaliyokatwakatwa vidogo au kusagwa yawe kama sehemu moja kwa kumi ya hayo maji. Yakiwa vipande vikubwa yanachelewa sana.

Kuhusu mkojo, maana hili naulizwa kila siku: ni kweli Ulaya zamani walitumia mkojo uliochacha kwa sababu ukikaa unatoa amonia. Mie situmii na simshauri mtu. Mkojo ni najisi, uzi huo unakwenda kwenye kofia ya mtu anayesimama kuswali, hata kama utasuuza mara ngapi kwa nini ujitie kwenye shaka na amonia ya chupa ipo dukani na inafanya kazi ileile tena kwa kipimo unachokijua.

Siku zimetosha? Wiki mbili ni kidogo. Mie sigusi chupa kabla ya wiki nne, na ile ya miezi mitatu ni nzuri kushinda zote. Pima hivi, chovya kijiti cha meno, dondosha tone kwenye sahani nyeupe, tandaza kwa kidole chenye glavu. Kama pembeni ya tone inakwenda kwenye wekundu wa damu ya mzee uko njiani, kama ni manjano-kahawia hadi pembeni bado.

Ulichemsha marere kwanza? Wapo waliozoea kuchemsha ukindu na rangi ya unga wakaona na haya yachemshwe. Usichemshe. Anza upya na mengine, hayo yaliyochemka unaweza kuyajaribu lakini usiyategemee.

Na ya mwisho, ambayo si ya nadra kama watu wanavyodhani, huenda si marere. Kila kinachoning'inia kwenye mti watu wanakiita marere. Kile cha kijani-manjano kama nyuzi za mvuvi ni Usnea, kipimo chake rahisi sana, kilowanishe, shika ncha mbili uvute taratibu, ganda la nje linakatika na ndani unaona uzi mweupe unaovutika kama mpira. Ukiona uzi huo acha, hicho hakitoi zambarau hata kikae mwaka, rangi yake ni manjano hafifu kwa kuchemsha. Marere ya kweli ni bapa, kijivu cheupe, hayana uzi wa ndani, na pembezoni yana vidoa vya unga-unga. Yanapenda upepo wa bahari, utayaona kwenye mikoko na minazi ya ufukweni. Lipo pia Parmotrema tinctorum, lile linalolala juu ya gome kama majani mapana ya kijivu, linapatikana nchi nyingi za joto na lenyewe lina lekanoriki kwa wingi, nalo linatoa zambarau.

Kipimo cha uhakika ni tone la dawa ya kupaukia nguo. Chukua kipande kidogo kikavu kwenye sahani, kwaruza ganda pahala pamoja, tia tone juu ya ganda na jengine pale ulipokwaruza. Ikiruka nyekundu mara moja, hata ikipotea baada ya sekunde chache, asidi unazozitaka zimo. Isipobadilika jaribu na dawa mpya kabla hujahukumu, kwa sababu ile iliyokaa miezi dukani kwenye joto inakufa nguvu.

SIMAMA HAPA. Kipimo hiki ufanye mbali kabisa na chupa ya amonia, chumba chengine au nje, na kipande ulichokipima kitupe, usikirudishe chupani. Dawa ya kupaukia ikikutana na amonia inatoa gesi ya sumu ya kloramini, inachoma mapafu. Na mkojo nao una amonia, hivyo msichanganye. Sahani na mikono osha kwa maji mengi kabla ya kwenda kwenye chupa.

Chupa ni zambarau tupu lakini uzi unatoka kijivu au haukamati kabisa

Sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni kwamba uzi si wa mnyama. Oseini inakamata sufu na hariri, inazipenda mno kiasi kwamba hazihitaji dawa ya kushikisha. Pamba haipendi. Nnajua inaumiza kwa sababu sie watu wa pamba, khanga pamba, kanzu pamba, na ukindu na miyaa ya mikeka nayo ni mmea vilevile. Dada mmoja alitia jora zima la marikani kwenye chupa ya miezi miwili, likatoka limependeza, suuzo la kwanza maji zambarau, la pili zambarau, la tatu kitambaa kinarudi cheupe chenye uvumbi. Rangi ya miezi miwili imekwenda kwenye mtaro.

Na duka likikwambia sufu usiamini. Uzi mwingi wa kufumia unaouzwa kwa jina hilo ni akriliki ambayo ni plastiki. Kata kipande cha kidole kimoja, kishike kwa kibano, kiwashe juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanavunjika ukiyabana. Hariri vilevile. Akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Pamba inawaka kama karatasi na kunuka karatasi. Nusu dakika tu hiyo na inakuokolea wiki.

Kama uzi ni sufu kweli na bado haukamati, angalia mafuta. Sufu ambayo haijafuliwa ina mafuta ya kondoo na maji yanateleza juu yake. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, usisugue, suuza, halafu uloweke maji safi saa nzima uzame wenyewe kabla ya kuingia kwenye rangi.

Halafu moto. Rangi ya marere ikishakomaa unaichanganya na maji kwenye sufuria ukaitia joto, lakini isitokote. Mvuke upande, kidole usiweze kukitia, ila mapovu yasije. Ikitokota zambarau inaelekea kwenye kahawia na hairudi. Na kabla ya kutia sufu ipunguze amonia, ama uache sufuria wazi nje kwa siku nzima ama utie siki kidogo kidogo mpaka harufu ishuke, kwa sababu amonia nyingi pamoja na moto inaila sufu. Ukiona uzi umekuwa mkavu, unakatika ukiuvuta, sababu ni hiyo na hauna dawa.

Kwa walio na pamba na hawana njia ya kupata sufu, ushauri wangu ni kuacha marere na kugeukia gome la mkandaa. Lina tanini nyingi, linakamata pamba na ukindu, linatoa kahawia nyekundu nzuri sana na ukitia maji ya misumari yenye kutu inakuwa nyeusi-nyeusi. Tumia gome la boriti zilizokwishakatwa kihalali, usimchune mkandaa ulio hai.

Ilikuwa pinki, asubuhi buluu. Au ilikuwa zambarau, baada ya kufua nyekundu

Hujaharibu kitu. Oseini ni ndugu wa ile rangi ya litmasi tuliyochezea maabara skuli, karatasi inayogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye magadi, na litmasi yenyewe inatengenezwa kwa likeni hizihizi za Roccella. Kwa hiyo uzi wako unafanya kile litmasi inachofanya, unakwambia maji yako yakoje.

Sababu kubwa huku kwetu ni kisima. Upande wote wa mawe ya matumbawe, Jambiani, Makunduchi na kwengineko, maji yanapita kwenye chokaa yanakuwa mazito, sabuni haitoi povu. Suuzia maji hayo pinki inavutwa kwenye ubuluu. Ya pili ni sabuni ya kipande, ina magadi. Kinyume chake siki, ndimu na hata jasho vinaivuta kwenye wekundu.

Kipimo: vipande vitatu vya uzi uleule, bakuli tatu, moja maji ya kisima, moja maji ya mvua, moja maji ya mvua na kijiko cha maji ya ndimu. Baada ya robo saa utaona rangi tatu kutoka chupa moja. Chagua unayoitaka, halafu suuzo lako la mwisho liwe hilohilo kila siku. Mie nakinga maji ya masika kwenye madebe kwa ajili ya rangi tu na watu nyumbani wanajua hayo hayaguswi.

Usije ukadhani ndimu itaifunga rangi isibadilike tena. Haifungi. Anayenunua mwambie asifulie sabuni kali.

Imepauka baada ya miezi michache

Hapa nasema ukweli ingawa si mtamu. Zambarau ya marere haistahimili jua, hiyo ndiyo tabia yake na watiaji rangi wa zamani huko Ulaya walilijua hilo vizuri. Nilimfumia mtoto wa dada yangu pambo la harusi, likatundikwa ukutani karibu na dirisha la mashariki, baada ya kusi moja upande wa dirishani umekuwa kama vumbi la waridi na upande wa ukutani bado zambarau ya siku ya kwanza. Niliposhika pindo nikaligeuza nikaona mpaka ulivyo, umekatika kama kwa rula.

Shabu haisaidii sana hapa, chumvi haisaidii kabisa, na anayekuuzia dawa ya "kufungia" rangi hii anakula pesa yako. Unachoweza ni kuchagua matumizi, kitu kinachokaa sandukuni kikitolewa siku za shughuli, nakshi ya ndani, mfuko wa udi. Anika kivulini daima. Mapazia, mito ya barazani na kofia ya kila siku usitie marere.

Ukitaka likeni inayodumu zaidi tumia zile za kuchemsha, zenye asidi ya salaziniki, zinazotoa kahawia ya dhahabu hadi hudhurungi. Zinakaa kwa miaka, zinawapa sufu harufu nzuri ya msitu, na hazihitaji amonia wala shabu. Weka tabaka la likeni, tabaka la uzi, maji, moto mdogo saa mbili tatu, acha ipoe humohumo usiku kucha.

Uyoga mwekundu umetoa matope

Watu wanakutana na Pycnoporus sanguineus kwenye magogo makavu juani, mdogo, mgumu kama ngozi ya kiatu, rangi ya machungwa iliyokolea mpaka wekundu, wanafurahi wanachuma mfuko mzima wanachemsha wanategemea nyekundu. Rangi yake inayoitwa sinabarini haiyeyuki kwa wepesi kwenye maji. Kwa hiyo kwanza shusha matarajio, utapata rangi ya machungwa iliyopoa mpaka kahawia yenye ujoto, nyekundu ile ya juu ya gogo hutaipata.

Kama umepata matope tu, hata hiyo kahawia hukuipata, anza na umri wa uyoga. Ulio mzee umepauka na jua, ukiuvunja ndani uko rangi ya majani makavu. Vunja kabla ya kuchuma, ndani pakiwa na rangi chukua. Pili ni vipande, uyoga huu mgumu ukiutia mzima maji hayaingii, ukate kwa mkasi, loweka usiku mzima, halafu moto mdogo saa nzima. Uzito wa uyoga mkavu uwe angalau sawa na uzito wa uzi.

Tatu ni chuma, na hili linawapata wengi bila kujua. Sufuria iliyobanduka na kutu kidogo tu inatosha kuzima machungwa yote yakawa matope. Kipimo chake chai: tia majani ya chai mengi kwenye maji yako yaliyochemkia sufuria hiyohiyo, yakigeuka meusi-meusi kuna chuma, ama kwenye maji ama kwenye sufuria. Rudia kwa maji ya mvua na sufuria ya chuma kisichoshika kutu ujue ni ipi.

Nne hukutia shabu. Uyoga tofauti na marere unahitaji kushikishwa. Gramu 10 hadi 15 za shabu kwa kila gramu 100 za sufu kavu, iyeyushe kwanza kwenye maji moto, chemsha uzi humo kwa moto mdogo saa nzima kabla ya rangi. Kuzidisha hakuongezi rangi, kunafanya uzi unate.

Na wengine wanatia magadi wakidhani yatakoleza kama yanavyolainisha maharage. Tia tone la maji ya magadi kwenye kipande cha uyoga uone kwanza linavyokizima. Ukiona limegeuka giza usitie sufuriani.

Huko nchi za baridi wana uyoga wenye nyekundu ya kweli, jamii ya Cortinarius, na Marekani bibi mmoja Miriam Rice alianza kuchemsha uyoga mmoja baada ya mmoja mwishoni mwa miaka ya 1960 akafungulia watu mlango huo. Ile haioti kwetu kwa sababu inaishi na mizizi ya miti ya kwao. Picha zao zisikukatishe tamaa ukilinganisha na sufuria yako.

Madoa, na uvundo

Madoa ni uzi uliobanana tu. Sufuria kubwa, uzi uliolowa kabla, geuza taratibu, uzi ufungwe legelege kwa kamba ya pamba pahala panne. Maji ya rangi yachujwe kwa kitambaa, vipande vya likeni vikigusa uzi vinaacha alama.

Ukungu juu ya chupa ya marere maana yake amonia imekwisha, ongeza, utakufa wenyewe. Chupa ya uyoga ikivunda mwaga, rangi ya uyoga haihifadhiwi kwenye maji, hifadhi uyoga mkavu.

Marere hayapatikani tena pale nilipochuma mwaka jana

Hili si tatizo la sufuria lakini ndilo linaloninyima usingizi. Likeni inakua milimita chache kwa mwaka. Kipande cha urefu wa kidole ulichokibandua kwa dakika moja kimeanza kabla hujamaliza skuli, na chupa moja inakula konzi nzima. Ukikwangua mkoko wote sasa hivi wajukuu zako ndio watakaouona tena.

Chuma cha chini tu. Baada ya upepo wa kusi matawi yaliyokatika yako kila pahala, mnazi ukiangushwa nenda na mfuko kabla hawajauchoma, mikarafuu inapokatwa matawi yaliyozeeka muombe mwenye shamba. Mie mwaka mzima sipati zaidi ya kopo mbili na zinanitosha. Misitu iliyohifadhiwa kama Jozani na Ngezi usiguse hata kilichoanguka bila ruhusa, waulize walinzi wa pale kwanza.

Pahala pa kuacha kazi na kutafuta mtaalamu

Amonia ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 20 kamili ukitazama saa, kope zikiwa wazi, halafu hospitali hata kama maumivu yametulia. Ukivuta ukakohoa toka nje kwenye hewa, kifua kikiendelea kubana au pumzi ikiwa fupi nenda, usisubiri asubuhi. Fanya kazi barazani au uani, kamwe usifanye chumbani wala jikoni watoto wanapolala.

Mikono ikiwasha na kutoa vipele baada ya kushika likeni, hasa ile Usnea, acha kuishika. Asidi yake ya usniki inawasababishia baadhi ya watu mzio wa ngozi na kila ukirudia unazidi. Vaa glavu, vipele vikifika usoni au vikivimba muone daktari.

Sufuria, mwiko na kata za rangi ziwe za rangi tu, zitie alama ya rangi ya mafuta mpini, maana mgeni akiingia jikoni hajui. Shabu na maji ya misumari viwekwe juu, mtoto akinywa maji ya chuma ni hatari kubwa kwake. Ile dawa ya machungwa ya kromu ambayo wengine wanaiagiza kwa kushikisha rangi usiinunue, inasababisha saratani na huna pa kuimwaga kisiwani ambapo haitarudi kisimani.

Na uyoga wa rangi hauonjwi. Usiniletee habari kwamba kuku kala hakufa au konokono kala hakufa. Uyoga mmoja wa Ulaya unaopendwa kwa zambarau yake, Hapalopilus, umeshawapeleka watu hospitali. Hapa petu yule mkubwa mweupe anayeota kwenye majani baada ya mvua, Chlorophyllum, vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia yake vikikomaa vinakuwa na ukijani, unatapisha na kuharisha ndani ya saa chache. Iliyo mibaya zaidi ni ile inayokaa kimya, mtu kala mchana, anaanza kutapika saa sita hadi kumi na mbili baadaye au zaidi, halafu siku ya pili anajiona amepona kumbe ini linaharibika. Aliyekula uyoga asioujua asipewe maziwa wala mafuta ya nazi, asitapishwe kwa kidole, apelekwe hospitali iliyo karibu, na kwa Unguja Mnazi Mmoja, hata akisema yuko mzima.

Chukua na uyoga uliobaki, uliopikwa na mbichi, kwenye mfuko wa karatasi au gazeti maana kwenye plastiki unaoza, na kama haukubaki rudi pale ulipochumwa ung'oe mwengine mzima na kitako chake cha chini ardhini. Andika saa aliyokula na saa alipoanza kutapika kwenye kipande cha karatasi ukitie mfukoni mwake, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na huenda wakati huo asiweze kujibu.